Nyati Aliyeruka Korongo

— Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
— Nije nayo mbio au nije nayo taratibu?
— Taratibu, tuione!
— Basi kunjeni miguu, hadithi ipate pa kupita, maana ya leo ni nzito.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana sola zilikuwa zimeshafika porini, wanyama waliishi kwenye majabali kando ya korongo refu. Upande wao palikuwa na chemchemi moja tu. Ng'ambo ya korongo palikuwa na majani mabichi, ila kufika huko ilibidi uzunguke mlima mzima.

Kiangazi kikaja, kikakaa, kikakataa kuondoka. Nyati akaenda kwenye chemchemi, akasukuma jiwe kubwa, kriii! Akaiziba.

"Maji ni ya mwenye pembe," akasema.

Swala akasema, "Hata mimi ninazo pembe."

Nyati akamtazama. Swala akasema, "Nilikuwa natania, Bwana Mkubwa."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Nyati akalisogeza jiwe, kriii! Akanywa, gu, gu, gu! Akaoga, chubwi! Akimaliza, wenzake wakaruhusiwa kulamba matope aliyoyakanyaga. Kisha jiwe likarudi, kriii! Wanyama walijaribu kulisukuma wote kwa pamoja. Wakasukuma, wakasukuma. Jiwe likakaa.

Sasa huyu Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, ukimwona kwa mbali utadhani panya aliyenenepa. Kazi yake ilikuwa kutafsiri sinema kwenye banda la video la Nguchiro. Sinema zilikuja na lugha ambayo hakuna mnyama aliyeijua. Pimbi naye hakuijua. Lakini Pimbi alikuwa na mdomo.

Kila mchana banda lilijaa. Nyati alikaa mbele kabisa, pua yake karibu iguse runinga. Na kwa kuwa Pimbi alikuwa mfupi na sauti yake haikufika nyuma, Nyati aliinamisha kichwa akamwambia, "Panda, mdogo wangu." Pimbi akapanda, akakaa katikati ya pembe, akatafsiria hapo juu. Ukweli usemwe, hakuna mnyama mwingine aliyewahi kumpandisha Pimbi mahali popote.

Sinema zilikuwa za mapigano. Maadui walimpiga steringi, yule shujaa wa sinema, risasi, ta-ta-ta-ta-ta! Risasi zikavunja madirisha, zikavunja chupa, zikavunja saa ya ukutani, steringi hazikumgusa.

"Mdogo wangu, mbona hazimpati?" Nyati akauliza.

"Zinamwogopa, kaka," akasema Pimbi.

Steringi akajificha nyuma ya kochi. Risasi zikaingia kwenye kochi, hazikutokea upande wa pili.

"Na hizo je?"

"Zimechoka, kaka."

Bastola ya steringi ikalia mchana kutwa bila kujazwa. Gari likalipuka, buuu! Steringi akatoka kwenye moto taratibu, shati limenyooka, wala hakugeuka kutazama. Banda zima likapiga makofi. Kisha akapanda pikipiki, akaelekea kwenye korongo kama lile lao, akaruka. Vuuuu! Akaelea. Akaelea tena. Akatua ng'ambo, pa!

Pimbi alikuwa amezaliwa majabalini. Babu yake aliteleza jabalini, akafa. Shangazi yake aliteleza jabalini, akafa. Pimbi alijua kuwa hewa haimshiki mtu. Kwa hiyo alitazama vizuri, akaona kamba nyembamba kiunoni mwa steringi, imekwenda juu, nje ya kioo.

Nyati naye aliiona. "Mdogo wangu, kile kama uzi kiunoni mwake ni nini?"

"Runinga ya Nguchiro ina mikwaruzo, kaka," akasema Pimbi. Alisema hivyo kwa sababu sinema yenye kamba haina utamu.

Siku iliyofuata Nyati aliwaita ngedere. "Nitupieni mawe," akawaambia, "nione kama yataniogopa." Ngedere wakaokota mawe. Nani ampige mkubwa? Mmoja akatupa kushoto, mwenzake akatupa kulia, mwingine akatupa juu likamrudia mwenyewe, ko! Nyati hakuguswa. Akageuka, akaondoka taratibu, hakutazama nyuma.

Pimbi aliporudi pangoni alimkuta mkewe amekaa, watoto wamelala kifuani pake wakinyonya hewa.

"Baba watoto," mkewe akasema, "maziwa yamekata."

"Yamekata kabisa?"

"Mguse mdogo midomo."

Pimbi akamgusa. Midomo ilikuwa mikavu kama gome. Pimbi akakaa chini, akafikiri. Nguvu hana. Pembe hana. Ana nini? Akakumbuka alichonacho.

Asubuhi akaenda kwa Nyati. "Kaka, naona umekaa tu na hiki kidimbwi. Ng'ambo kule kuna majani mpaka magotini, na chini ya majani kuna maji yasiyo na mwenyewe."

Nyati akameza mate. "Ni mbali kuzunguka."

"Steringi angezunguka?"

Nyati akafikiri. "Asingezunguka."

"Angefanya nini?"

"Angeruka," akasema Nyati. Akalichungulia korongo, akarudi nyuma kidogo. "Lakini yeye alikuwa na pikipiki."

"Pikipiki ina miguu miwili, kaka. Wewe una minne."

Nyati akaona ni kweli.

"Ila unahitaji kitu cha kukanyagia," Pimbi akaendelea. "Kitu kizito, kisichoyumba. Sijui tutapata wapi."

Nyati akatazama huku, akatazama huku. Akaliona jiwe lake. Akaweka paji la uso, akasukuma. Kriii! Likatoka kwenye chemchemi. Kriii! Likapita mbele ya banda la Nguchiro. Kriii! Likafika ukingoni mwa korongo.

Na hicho ndicho Pimbi alichokitaka. Si zaidi ya hicho. Alipanga Nyati akifika ukingoni aogope, aone haya, azunguke mlima aende zake, na jiwe libaki pale pale.

Lakini habari ilikuwa imeenea. Wanyama wote walikuja kutazama. Waliokuwa nyuma walikuwa tayari wanakunywa maji, chapu, chapu, chapu, na mke wa Pimbi alikuwa miongoni mwao. Swala akaja na mdomo uliolowa, akamnong'oneza Pimbi:

"Maji yamefunguka. Inatosha. Mwambie asiruke."

Pimbi alisikia. Alitaka kumwambia. Lakini alikuwa amesimama juu ya kichuguu, wanyama wote wanamtazama, kimya, kama wanavyokaa kimya bandani sinema inapoanza. Na utamu wa mdomo, ndugu zangu, ni kama mteremko. Ukishaanza kushuka, kusimama ni kazi.

"Huyu hapa steringi wetu!" Pimbi akapaza sauti. "Maadui wako nyuma, korongo liko mbele! Je, atarudi?"

"Harudi!" wakaitikia.

"Ataogopa?"

"Haogopi!"

Nyati akasogea karibu na kichuguu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie, "Mdogo wangu, una hakika?"

Pimbi akafungua mdomo aseme hapana. Likatoka lile lililozoea kutoka.

"Steringi haulizi!"

Wanyama wakacheka. Nyati naye akacheka. Akarudi nyuma, akakwaruza ardhi. Akakimbia, gudu, gudu, gudu, gudu! Akakanyaga jiwe. Akaruka. Vuuuu!

Na kwa kitambo kidogo, wallahi, alielea. Alionekana mzuri sana pale hewani, miguu imekunjwa, pembe zinameta kwa jua. Akageuza shingo kumtafuta Pimbi, uso wake una furaha.

Kisha hewa ikamwachia.

Puuu!

Wanyama wakapiga makofi. Vumbi likapanda kutoka chini, wakaendelea kupiga makofi, wakisubiri atoke kwenye vumbi akijikung'uta mabega. Wakasubiri. Vumbi likatua. Makofi yakapungua. Mmoja akaacha, mwingine akaacha, mwisho akabaki ngedere mmoja mdogo peke yake, pa, pa, pa, mpaka mama yake akamshika mikono.

Pimbi akateremka korongoni peke yake, jabali kwa jabali. Akamkuta Nyati amelala ubavu, miguu imeelekea pasipo kawaida, anahema kwa shida.

"Mdogo wangu," Nyati akasema, "nimefika ng'ambo?"

Pimbi akakosa la kusema. Yeye, Pimbi.

"Nadhani nilikanyaga jiwe vibaya," Nyati akasema. "Rudisha nyuma kidogo. Turudie kuanzia pale kwenye jiwe."

"Hii hairudi nyuma, kaka."

Inzi wakaanza kuja. "Basi nina kiu," Nyati akasema.

Pimbi akapanda jabali, akaenda kwenye chemchemi, akajaza mashavu. Akashuka. Njiani maji yakamwagika, yakabaki ya kulowesha ulimi. Akayaweka mdomoni mwa Nyati. Akapanda tena. Akajaza. Akashuka. Akapanda. Akajaza. Akashuka. Wanyama kule juu walikuwa wanakunywa na kuimba jina lake, "Pimbi! Pimbi!" naye anapita katikati yao mashavu yamevimba, hawezi kuwajibu.

Mara ya mwisho aliposhuka, Nyati hakumeza. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo, yakaingia mchangani.

"Kaka," Pimbi akasema, "ilikuwa kamba. Siyo mikwaruzo. Alikuwa amefungwa kamba." Akamwambia na habari ya risasi, na kochi, na maadui wanaolipwa wasimpate. Akamwambia yote. Nyati hakuuliza swali lolote.

Maziwa ya mke wa Pimbi yalirudi. Watoto walinenepa. Maji yalikuwa ya kila mwenye kinywa, na wanyama walimtengenezea Pimbi kiti kirefu cha kutafsiria bandani, kimepambwa kwa majani.

Pimbi akakaa juu yake. Sinema ikaanza. Steringi akaruka kutoka ghorofani.

"Ana kamba," akasema Pimbi.

Wanyama wakaguna. Steringi akapigwa risasi, ta-ta-ta-ta!

"Za uongo," akasema Pimbi. "Angekuwa amekufa tangu mwanzo. Wewe ungekufa. Mimi ningekufa. Mama yake angelia."

"Mshusheni huyu!" ngedere wakapiga kelele. "Anatuharibia!"

Nguchiro akaja, akamshika Pimbi begani kwa upole. "Ndugu yangu, kapumzike kidogo." Kitini akapandishwa Kasuku, na siku hiyo hiyo banda likajaa vicheko mpaka nje.

Pimbi sasa hukaa ukingoni mwa korongo. Ndiyo maana hata leo ukipita majabalini utamkuta juu ya jiwe, ametulia, anatazama chini. Vijana wa porini wakija kuchungulia huwapigia kelele, kwiii! Wao humcheka. Wanasema Nyati alikosea kidogo tu. Wanasema hakukimbia vya kutosha. Wanasema alifumba macho.

Hadithi yangu imefika ilikokuwa inakwenda, aliyechoka ajinyooshe. Na msiondoke bila funzo, mkaja kusema niliwapotezea jioni yenu. Funzo lenyewe ni hili: steringi hafi. Akifa, basi hakuwa steringi.