Aliyeuza Jua

Aliyeuza jua hajengi kivuli. Mmeusikia msemo huu leo katika mkutano wa wakazi, mkaniuliza umetoka wapi. Basi kaeni niwaambie, maana chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo Dar es Salaam mama mmoja, Saumu Kipande, aliyeuza nyumba kwa niaba ya tajiri aitwaye Hemedi Mkandawile. Tajiri huyo alijenga ghorofa nane, na upande wa mashariki akaacha uwanja mpana. Alimwagiza Saumu awaambie wanunuzi kwamba uwanja ule hautajengwa kamwe. Saumu akawa anawaleta asubuhi, anafungua dirisha, jua linaingia mpaka katikati ya sebule. Hakuwa na haja ya maneno mengi. Nyumba arobaini zikaisha kabla ya rangi kukauka.

Mwaka wa tatu jiji likaruhusu majengo marefu zaidi pale mtaani. Hemedi akachora jengo la pili, ghorofa kumi na mbili, katikati ya uwanja uleule, akamkabidhi Saumu picha zake aanze kuziuza.

Saumu alikwenda uwanjani na mteja wa kwanza. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Lugenge, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza, alimwona kutoka dirishani. Alikuwa ameinyoosha miguu yake yenye baridi yabisi juani, kama kila siku. Akamsalimia kwa furaha, akamwambia yule mteja kwamba mama huyu ni mkweli, anunue bila wasiwasi. Saumu akahisi uso unawaka kwa aibu. Alimwomba mteja radhi, akarudi ofisini na picha zake.

Hemedi alimsikiliza, kisha akasema taratibu, "Saumu, kibali ninacho. Sheria inaniruhusu."

"Inakuruhusu, bosi. Ila mimi sikuwauzia sheria. Niliwauzia jua, kwa maneno uliyonipa wewe."

"Kwani kuna mahali tuliandika?"

"Hatukuandika. Walituamini."

Saumu akaziweka zile picha mezani.

"Aliyeuza jua hajengi kivuli, bosi. Mtafute mwingine wa kuziuza hizi."

Akatoka, akijua kibarua kimeota nyasi. Nyumbani alimweleza mumewe, wakaanza kupanga namna ya kubana matumizi.

Lakini maneno yale hayakumwacha Hemedi. Siku ya tatu, asubuhi, alikwenda mwenyewe pale uwanjani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akabidhi funguo. Alikusudia kupima tu. Akakuta kanga zimeanikwa, watoto wanacheza, na Mzee Lugenge dirishani. Mzee alipojua yeye ni nani, alishuka ngazi kwa shida, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ndiye wewe uliyetuachia uwanja," akasema. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Hemedi alikunywa chai aliyokaribishwa, akaondoka bila kupima kitu.

Jioni ile alimpigia Saumu simu arudi kazini. Jengo la pili likahamishiwa nyuma, upande wa magharibi, palipokuwa na stoo za saruji. Eneo lilikuwa dogo, ghorofa zikapungua zikawa sita. Kivuli chake huliangukia jengo la kwanza alasiri, na joto la Dar mnalijua; hakuna aliyelalamika. Uwanja nao ukaandikwa katika hati ya kila mwenye nyumba.

Saumu alipouza nyumba mpya, aliwaambia watu waziwazi kwamba jua la asubuhi huku hawatalipata. Wengine walikwenda zao. Wengi waliwauliza majirani wa mbele habari za tajiri huyu, wakarudi na kununua.

Mzee Lugenge alipokisikia kisa chote, alicheka sana, akayashika yale maneno ya Saumu. Naye mwalimu akishika jambo, mtaa mzima utalijua. Ndiyo maana hata leo mtu akitoa ahadi kisha akataka kuipindua kwa kuwa hakuna aliyeiandika, huambiwa hivi: aliyeuza jua hajengi kivuli.