Kopo la Dukani kwa Mbonea

“Kufuta si kuosha.” Bibi Nakijwa alitamka hivyo siku waliporudi kutoka kumzika Mzee Mbonea, mwenye duka, na wajukuu wakauliza maneno hayo yametoka wapi. Asili yake ni hii.

Nakijwa alipokuwa na miaka minane, pale mlimani duka lilikuwa moja tu, la Mbonea. Ndani mlikuwa na chumvi, misumari, khanga, madaftari, na pipa la mafuta ya taa karibu na gunia la sukari. Kila kitu kilikuwa na kopo lake la kupimia. Siku moja Nakijwa alipotumwa sukari, kopo la sukari lilikuwa limetoboka, basi Mbonea akachukua la mafuta ya taa, akalifuta kwa kitambaa, akalifuta tena, akapima sukari na kuifunga kwenye karatasi.

“Mwambie mama nimejaza mpaka juu. Najua mna wageni.”

Wageni wenyewe walikuwa washenga, waliokuja kumposa Namkunda, dada yake. Njiani Nakijwa akafungua karatasi, akachovya kidole, akalamba. Mafuta ya taa! Lakini angesemaje bila kujulikana kwamba amelamba sukari ya wageni? Alikwisha kuonywa. Akanyamaza, na mama yake, kwa ule moshi wa kuni jikoni, hakunusa kitu.

Vikombe vya chai vikagawiwa. Nakijwa akamwona Namkunda nyuma ya pazia, ameng’ang’ania pindo la khanga.

“Msinywe!” akapiga kelele. “Ina mafuta ya taa! Sukari iliruka ikanigusa ulimi.”

“Wee Nakijwa!” mama akamaka.

Mshenga mkubwa akanusa kikombe. “Mwacheni mtoto. Chai hii ukiisogezea kiberiti inawaka.”

Wakacheka mpaka pazia likacheka.

Mbonea akaitwa, akaja mbio na sukari nyingine, kopo mkononi. “Shikamooni wazee. Kweli nililifuta, tena mara mbili.”

“Marahaba. Ulilifuta,” mshenga akasema. “Ila kufuta si kuosha, mwanangu.”

Mbonea hakubisha. Akaomba majivu na maji ya moto, akachuchumaa uani mbele ya wageni wote, akasugua mpaka mshenga aliponusa akasema, “Sasa.” Chai ikapikwa upya, na posa ikapokelewa.

Wageni walipoondoka, mama akamwita Nakijwa.

“Sukari iliruka?”

“Iliruka kidogo tu, mama.”

“Mwanangu, kufuta si kuosha.”

Nakijwa akainama. “Nilifungua karatasi nikalamba. Nisamehe.”

“Haya. Hapo umeosha.”