Anwani ya Mkate

Hapo zamani, si zamani za gharika bali zamani ambazo bibi zenu walikwisha kushika simu, palikuwa na mji mmoja wa mlimani uliopenda mkate kama Israeli walivyopenda mana.

Aliishi humo Aikande, mwokaji. Mtandao ulipofika, wenzake wakitazama picha za harusi, yeye alijiandikishia anwani ya tovuti yenye neno moja tu: mkate. Kila alfajiri aliandika humo ni tanuri lipi limewaka, lake au la jirani, na akina mama kumi na wanne wakapata wateja kwa anwani hiyo.

Kisha Aikande akajifungua. Kwa desturi ya mlimani, mzazi hukaa ndani miezi mitatu, hunywa mtori wa ndizi, hagusi kazi. Mama mkwe wake, Bi Ndeamasi, akaichukua simu, akaifungia kashani pamoja na vitenge. "Simu ni jembe," alisema, "na mzazi halimi." Ilani ya kuhuisha anwani ikalia kashani mara saba. Mara saba Bi Ndeamasi akaikemea: "Nyamaza, mtoto amelala." Muda ukapita, na anwani ikabaki bila mwenyewe, kama Yusufu kisimani.

Mwalimu Senzota wa shule ya mji akaiona. Walanguzi wa anwani kutoka mbali walikuwa wakiinyemelea. Akawatangulia, akaiandikisha kwa jina lake. Walimwahidi gari ili awauzie. Akakataa.

Ikafika Jumapili ya Matawi, siku ya ubatizo wa mtoto. Akatokea Mzee Eliakimu, mwenye kiwanda cha mikate. Mkono mmoja alishika cheti cha alama ya biashara, mwingine kapu la mikate. "Hata mshitaki," alisema, "haendi ubatizoni mikono mitupu."

Watu wakala, wakaimba, wakashiba. Ndipo mchungaji aliposema, "Sasa kila mtu aseme haki yake."

"Mwalimu, nipe anwani," alisema Eliakimu. "Miaka thelathini nimeandika Mkate juu ya mfuko wa bluu. Mwaka wa njaa nilioka bila kulala, wala sikumfukuza mtu mlangoni. Mtu wa hapa akisema mkate, huuona mfuko wangu. Neno hili nimelinenepesha mimi."

"Baba," alijibu Aikande, "Adamu aliwapa wanyama wote majina, wala hakumfunga kamba hata mmoja kwa kuwa amemtaja. Neno tulilikuta. Ila anwani niliianzisha mimi, nikawafungulia wote. Ukiichukua, matanuri kumi na matano yatapoa Pasaka hii."

"Nawe uliisahau, binti yangu."

"Sikuisahau. Ilifungiwa na vitenge."

Watu wakacheka, na Bi Ndeamasi akacheka kuwashinda. "Kosa ni langu," alisema. "Na mjukuu ni wangu."

Senzota akasimama. "Mimi sioki. Lakini bila mimi mngegombea upepo. Ikibaki kwangu, nitauandika mfuko wa bluu, nitayaandika na matanuri, wala hakuna atakayemfungia mwenzake mlango."

"Na barua ya uhamisho ikija, mwanangu?" aliuliza Bi Ndeamasi.

Ninyi mnaonisikiliza, msiwe wepesi wa kuhukumu. Taa ya Aikande ilikosa mafuta, lakini mikono yake ilikuwa imempakata mtoto. Eliakimu alitaka kuzungushia ua kisima cha wote. Kumbukeni ni yeye aliyelisha wenye njaa. Na mwalimu aliyeiokoa anwani aliokota kondoo wa jirani akamtia alama yake mwenyewe, ingawa alikataa gari.

Mchungaji akawaongoza katika Sala ya Bwana. Walipofika "mkate wetu", wale watatu wakatazamana, wakashindwa kujizuia, wakatabasamu. Baada ya amina, mwalimu akaiweka simu mezani kando ya mtoto, akakiinua kidole juu ya simu, tayari kuandika jina la mwenye anwani. Daftari la anwani lina nafasi ya jina moja tu.

Basi, enyi mnaoomba mkate huo kila siku, semeni nami nisikie: nafasi ile moja, nani aliistahili?