Mhandisi Aliyeng'oa Sumaku

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kujenga njia. Haikuwa njia ya miguu wala ya magari, bali bomba refu lililofyonzwa hewa yote, la kupitisha mkondo wa chembe nzito kutoka kwenye mtambo unaozirusha hadi chumba cha tiba cha hospitali moja. Mhandisi huyo aliitwa Lusekelo. Katika wodi ya hospitali hiyo alilala Nyanzala, mama wa watoto wanne, mwenye uvimbe chini ya ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Mkondo ule ndio uliokuwa tumaini lake.

Chembe hizo hazipendani. Zikiachwa, hutawanyika na kugonga ukuta wa bomba. Kwa hiyo Lusekelo aliweka mafundi wawili wa sumaku, Mbonea na Mwanakheri. Sumaku za Mbonea zilibana mkondo pembeni, lakini ziliuachia utanuke juu na chini. Za Mwanakheri zilibana juu na chini, zikautanua pembeni. Ndivyo zilivyo sumaku hizo. Hakuna inayobana pande zote. Zilipangwa kwa zamu, hii ikirekebisha ilichoharibu ile, na mkondo ukaenda.

Lakini kipimo alichokitazama Lusekelo kilionyesha upana peke yake. Kila alipofika kwenye sumaku ya Mwanakheri aliona upana umezidi, akamhesabu kuwa mharibifu. Mwanakheri alimweleza mara mbili, kwa adabu, kwamba upo upande asioutazama. Mbonea aliujua ukweli akanyamaza, maana sifa ni tamu. Basi Mwanakheri akaachishwa kazi na sumaku zake zikang'olewa.

Siku ya jaribio, upana ulikuwa mwembamba kama uzi. Lusekelo alicheka kwa furaha, maskini. Kumbe juu na chini mkondo ulikuwa umefura. Ukalichoma bomba mpaka likatoboka, hewa ikaingia, na chumbani haikufika hata chembe moja.

Wakamwita Mwanakheri. Alilitazama lile tundu, akasema, "Mhandisi, ulipima upana tu."

Matengenezo yalichukua miezi saba. Nyanzala alikuwa amebakiwa na mitatu.

Nawe uliyemfukuza mwenzako kwa kuwa alivuta kinyume chako, ni nani anayelala kitandani akingoja ulichokiharibu?