Mifereji ya Senkondo

Maji ya mifereji mingi huishia njiani. Mmeusikia msemo huu mkacheka, sasa mwataka kujua nani aliuanzisha. Wekeni simu chini basi. Msemo ulizaliwa milimani Upare, shambani kwa Senkondo.

Senkondo alikuwa na jicho lisiloshiba. Akiona vitunguu kwa jirani, naye apande. Akisikia bondeni wanakula matikiti, naye atafute mbegu. Mpaka miwa, mpaka mpunga, huko juu mlimani! Kila zao jipya alilichimbia mfereji wake, shamba likawa na mikunjo mingi kuliko uso wa bibi yake.

Maji yalitoka ndiva, bwawa la kijiji, kwa zamu. Mwaka ule jua lilikuwa kali hata konokono wakaazimana mate. Zamu yake ilipofika, Senkondo alifungua maji akakimbia na jembe huku na huku: kidogo kwenye miwa, kidogo kwenye matikiti. Kila mfereji ulilowa mdomoni tu, ukakauka.

Pembeni maharage yalikuwa yananyauka. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, ambayo kila bibi harusi wa kijiji alipewa kibaba akaanzie shamba. Kwingine kote ilikwisha kupotea.

Mkewe Nanzia akaja, akasimama mkono kiunoni.

"Baba Eliamini, ngoma gani hiyo unacheza na jembe?"

"Nagawa maji. Kila kimoja kipate."

"Na kipi kimepata?"

Senkondo akainama kuchungulia mfereji wa miwa: mkavu.

"Haya, kipi hapa kikifa utalia?"

Senkondo akacheka. Matikiti? Sokoni yapo. Miwa? Hata meno yake hayakuipenda. Kisha macho yakaangukia maharage, na kicheko kikakatika.

"Mama yangu wee! Nanzia, lete udongo!"

Wakaziba mifereji kwa matope na majani, mmoja baada ya mwingine, ukabaki wa maharage peke yake. Maji yakaingia kwa kishindo. Senkondo akaketi ukingoni, miguu ndani ya maji, akiyatazama majani yakiinuka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho aliketi katika shamba lake.

Jirani akapita. "Senkondo! Matikiti yako yanakufa, nawe umekaa!"

"Yaache yafe. Mie nina shughuli."

"Shughuli gani hiyo ya kuosha miguu?"

"Ndugu yangu," Senkondo akajibu bila kugeuka, "maji ya mifereji mingi huishia njiani. Haya yangu yamefika."