Bi Mwanamvua Anasindikizwa

Hapo zamani za kale, Mto Kilombero ulipokuwa bado unauliza njia ya kwenda baharini, Bi Mwanamvua, bata bukini, aliwaaga majirani kwa mbwembwe, akajirusha kutoka ukingoni ili aruke ng'ambo.

Pwaa! Akatua matopeni kifudifudi.

Alikuwa amesahau kwamba manyoya ya mabawa yake yamepukutika, kama yanavyopukutika kila mwaka, na kwamba mwezi mzima hataruka. (Msicheke sana, wanangu. Mimi nimewahi kuaga mtaa mzima, kisha nikarudi kuulizia viatu vyangu.)

Watoto wa Kiboko walicheka mpaka wakapaliwa maji.

"Chekeni, wajukuu zangu," akasema akijipangusa mdomo. "Nilikuwa naangalia tu kama tope limeiva."

Wote walimpenda. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba, akisalimia, akionja uji, akipeleka habari za Chura kwa Nyani, na kila habari ilifika imenenepa. Lakini siku hizi alikuwa akinyamaza katikati ya salamu, shingo imeelekea ng'ambo. Huko binti yake Siwema alikuwa ametotoa, leo siku ya tatu. Sauti nyembamba zilivuka maji: pii, pii. Kesho alfajiri Siwema angehama na vifaranga kufuata majani mabichi, mbali kabisa chini ya mto. Na bibi yao alikuwa hajawaona hata unyayo.

Aogelee? Mamba yuko katikati. Aombe mgongo wa Bwana Kiboko? Juzi tu alimfokea Kobe, "Mimi si daraja."

Basi akaenda kwa Kiboko kama mgeni. Akala, akashukuru, akaaga. Kiboko, mtu wa adabu, akainuka kumsindikiza. Walipofika ukingoni, bata akasimama.

"Hivi ulisikia Twiga alivyokwenda kuposa kwa Kifaru?"

"Sijasikia. Ikawaje?"

"Hapa pana masikio, jirani. Tusogee."

Wakaingia majini, bata akiogelea ubavuni mwa Kiboko. Chubwi.

"Basi Twiga akapewa kigoda. Akakaa, lakini kichwa kikabaki nje ya paa."

"Ehe?"

"Tusogee. Hata matete yanasikia."

Kumwacha mgeni habari ikiwa njiani ni sawa na kumfukuza. Kiboko akasogea. Katikati ya mto, Mamba akaibuka.

"Karibu, bibi. Leo hukupita juu?"

"Nasindikizwa, baba."

Mamba akayatazama meno ya Kiboko, akazama taratibu. Bubu, bubu, bubu.

"Na Kifaru akajibu nini?" Kiboko akauliza, miguu yake ikigusa mchanga.

Bata alikuwa ameshapanda ukingo mbio, na vifaranga sita wamejisokomeza chini ya mabawa yake yasiyo na manyoya. Akawagusa kwa mdomo, mmoja mmoja, kisha akaanza tena kwa yule wa kwanza. Siwema alikuwa analia.

Kiboko akageuka, akaona nyumba yake ilivyo mbali.

"Umenidanganya, Bi Mwanamvua."

"Nimekudanganya, jirani. Hamu ilinizidi, nami niliogopa utakataa."

"Hamu husemwa," Kiboko akamjibu. "Ungeniambia siku ile walipototolewa, leo ungekuwa umekaa nao siku tatu."