Mrindoko na Mwamba wa Wahunzi Arobaini

Nilikuwepo, tena mstari wa mbele, na anayebisha aseme yeye alikuwa wapi. Zama zile babu wa babu yangu hajazaliwa, aliishi Mrindoko mwana wa Mbonea, Nyundo Isiyopinda, aliyebeba fuawe ya kufulia chuma begani kama wewe ubebavyo jembe, akaasisi Chama cha Nyundo, chenye kiapo kimoja: hatuuzi mtu.

Wanachama walikuwa arobaini pamoja naye, wahunzi watupu, maana walijiwekea mila kwamba asiyefua chuma na asiyenyoa kipara si mwenzao. Basi Kihara mkamata-watu alipowafukuza wakajibanza pangoni, hawakuwa na wa kuwaokoa. Mlango wa mbele aliulinda Kihara. Wa nyuma ulizibwa na mwamba usiosogea ila kwa mabega ya ndani na ya nje kwa pamoja. Siku ya tano walikuwa wakilamba unyevu ukutani.

Kihara akanadi: "Nitoleeni mmoja tu nimuuze, wengine mwende zenu!"

Wakaanza kutazamana. Mrindoko aliyaogopa macho yale kuliko mikuki.

Ndipo nyuma ya mwamba wakafika wafugaji mia mbili, mbele yao Nakijwa, mama mwenye ulimi kama wembe, akaita kupitia ufa mwembamba pembeni mwa mwamba:

"Tutasukuma, mkitupokea chamani."

"Kwanza mnyoe!" wahunzi wakafoka, midomo imekauka.

"Nyie vipara, mnakufa na bado mnachagua wageni?"

Mrindoko akanguruma: "Kipara ni pambo, nyundo ni kazi, kiapo ndicho chama! Asiyeuza mtu ni mwenzetu, ajapokuwa hajui kushika koleo."

"Na mateka wetu wa vita, baba, nao tusiwauze?" akauliza mfugaji mmoja.

"Hata mateka."

Huko nje nyayo zikaanza kuondoka, mmoja mmoja, kisha makundi; ndani wenzake wakamlilia alegeze neno hilo moja tu, naye akaweka sikio kwenye ufa, akisikiliza nani amebaki.

Walibaki sitini. Wakasukuma. Mwamba ukainuka kiasi cha mtu kutambaa, Mrindoko akaupokea mgongoni, thelathini na tisa wakapita chini ya kwapa lake. Kisha magoti yakamkatika, mwamba ukarudi, ukaziba hata ule ufa. Wakasukuma mpaka wakachubuka mabega, usisogee, maana ndani palibaki bega moja.

Akasema kutoka humo: "Msimnyoe mtu. Muulizeni tu."

Tangu hapo mgeni akija kwetu hatumuulizi kazi wala ukoo, tunamuuliza, "Utauza mtu?" Akisita, tunamwonyesha njia.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa ile sauti ya mwisho, nimeitia mimi. Mwamba ule ni mnene. Nakijwa alitega sikio pale siku tatu, hakusikia kitu.